Karatasi ya mahudhurio si ridhaa: wafugaji na wawindaji kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Trekta linapofika kwenye eneo la malisho, mara nyingi uamuzi ulishapita zamani. Kwenye faili kuna muhtasari wa mkutano unaosema wananchi waliridhia, na nyuma yake zimebanwa kurasa za majina na saini. Saini ni za kweli. Walioziweka walidhani wanaandika mahudhurio, au wanasaini nauli, na karatasi haikuwa na kichwa cha habari. Hivyo ndivyo ardhi ya wawindaji Wahadzabe na wafugaji Wabarabaig na Wamaasai inavyoweza kuondoka bila mtu yeyote kukumbuka siku iliyoondoka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, iko upande wa wanakijiji. Halmashauri ya kijiji ni msimamizi. Hairuhusiwi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, haujaridhia. Ardhi ikitakiwa kuhamishwa kutoka mikononi mwa kijiji na haizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi unakwenda kwa Waziri. Hata hivyo, ardhi haihami mpaka yakubaliwe aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kuilipa na wakati wa kuilipa.

Hatari kubwa kwa jamii hizi ni neno "tupu". Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huohuo inaihesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kuwa sehemu ya ardhi ya jumla, yaani ardhi isiyo mikononi mwa kijiji. Malisho yaliyopumzishwa kusubiri kiangazi, au pori la asali na mizizi, mgeni huyaona matupu. Kwa hiyo andikeni matumizi yake: visima, njia za mifugo, maeneo ya chumvi, miti yenye nyuki, makaburi, na miezi ambayo kila sehemu hutumika. Pelekeni orodha hiyo kwenye halmashauri, iombe mkutano mkuu uidhinishe eneo kuwa ardhi ya matumizi ya pamoja, kisha hakikisheni limeingizwa kwenye rejesta ya ardhi ya pamoja. Kuzungumza tu bila kuingia kwenye rejesta hakusaidii.

Mkutano mkuu wa kawaida hufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Ombeni tarehe isiyogongana na msimu wa kuhama. Mkutano ukiitishwa vijana wakiwa mbali na mifugo, wanaobaki kuamua ni wachache. Asiyeelewa vizuri Kiswahili aombe mkalimani mwanzoni, na ombi hilo liandikwe.

Usisaini ukurasa usio na jina la kijiji, tarehe na ajenda juu yake. Jina la mwisho likishaandikwa, pigeni mstari chini yake na andikeni idadi ya waliohudhuria kwa tarakimu na kwa maneno, mfano "142, mia moja arobaini na wawili", ili asiongezwe mtu baadaye. Ikipigwa kura, muhtasari uonyeshe waliokubali na waliokataa. Usomwe kabla watu hawajatawanyika, na mtu mmoja apige picha kila ukurasa kwa simu. Mkinyimwa nakala, andikeni barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ina siku 30 za kujibu. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku zinahesabika kwa muhuri huo.

Kinga imara zaidi ni hatimiliki ya kimila ya pamoja, yaani hati inayotambua haki ya kikundi kizima juu ya ardhi yao ya kimila. Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, waliipata mwaka 2011. Kijiji kinahitaji kwanza cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Maombi yakishawasilishwa, halmashauri ina siku 90 za kuamua. Mwombaji husaini au kuweka dole gumba kwenye kila ukurasa wa hati, mwenyekiti na mtendaji husaini, kisha afisa ardhi wa wilaya husaini, hugonga muhuri na kusajili. Maombi mengi hukwama kwa sababu mpaka na kijiji jirani una mgogoro. Malizeni mpaka kwanza, mkitembea pamoja na wazee wa pande zote mbili.

Kwenye orodha ya wanachama wa kikundi kinachoomba hati, waandikeni wanawake kwa majina yao, wajane wakiwemo, si kama "mke wa fulani". Mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili kisheria. Vilevile, katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, linalopatanisha migogoro ya ardhi, watatu lazima wawe wanawake.

Mgogoro usipopatanishwa kijijini, nendeni baraza la kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Zikipita siku 30 bila suluhu, shauri linaweza kufunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 anaweza kuwasaidia kuandika maelezo bila malipo. Mpelekeeni nakala za muhtasari na barua. Karatasi halisi zibaki kwenu, mahali pakavu.