Kwa nini ghorofa sita za Edinburgh zinaitwa "Land"?

Nilipoliona jina Gladstone's Land kwenye ramani ya Edinburgh, Uskoti, sikuwa na shaka: ni shamba la bwana Gladstone. Picha ikaniumbua. Ni jengo la mawe la ghorofa sita, limebanwa na majirani zake huko Lawnmarket, karibu na ngome ya mji, wala hakuna pa kupanda hata mchicha.

Kosa langu lilikuwa kulisoma neno hilo kwa Kiingereza. Kwa Kiskoti, "land" ni pia jengo refu lenye makazi ya familia mbalimbali, moja juu ya nyingine. Nilikuwa nimeshawaambia watu wawili kuhusu lile shamba.

Mkazi wa Nairobi asingekosea. Akikwambia "nimehama ploti", hakuhama kiwanja. Amehama vyumba vya kupanga vilivyojengwa juu yake. Mwenye ploti akija mwisho wa mwezi haji kupima mipaka, anakuja kuchukua kodi. Jina la udongo limepanda ngazi pamoja na mawe. Edinburgh nayo ilikuwa hivyo: mji ulikaa juu ya mgongo mwembamba wa mwamba, ukazungushiwa kuta, na viwanja vyake vilikuwa vyembamba na virefu kama vipande vya kanga. Pembeni hapakuwa na nafasi, basi watu wakajenga kwenda juu, na mwenye kiwanja akawa mwenye ghorofa. Si kila "land" ya hati za kale ni jengo, lakini. Nyingine ni kiwanja kitupu, na inabidi usome sentensi nzima ndipo ujue.

Na Gladstone? Ni mfanyabiashara Thomas Gledstanes, aliyelinunua jengo pamoja na mkewe Bessie Cunningham mwaka 1617, wakapangisha sehemu yake. "Gled" kwa Kiskoti ni mwewe, ndiyo maana mwewe wa rangi ya dhahabu ananing'inia mlangoni. Mwaka 1934, jengo likiwa karibu kubomolewa, shirika la National Trust for Scotland lililichukua. Wakati wa ukarabati ikaonekana dari ya mbao iliyochorwa maua na matunda tangu 1620.

Kinachonichekesha zaidi ni upande wa mbele. Gledstanes aliona nafasi haitoshi, akausogeza ukuta hadi barabarani. Kwa hiyo sehemu ya "Land" hiyo imesimama nje ya kiwanja chake.