Je, wajua kwa nini friji haipaswi kuwa ya mwisho kuingia kwenye trela?

Mtu anayehama nyumba hupakia kwa mpangilio uleule karibu kila mara. Kwanza maboksi, kwa kuwa yalifungwa tangu jana na yako karibu na mlango. Halafu magodoro, viti, mafurushi ya nguo. Friji husubiri hadi mwisho, maana bado ina chakula, tena inataka watu wawili wa kuibeba. Mlango wa trela la kukodi uko nyuma, kwa hiyo vilivyotangulia vimesukumwa mbele kabisa, na friji imebaki mkiani pamoja na mashine ya kufulia. Kila kitu kimeenea, mlango umefungika. Hatari iliyopakiwa humo haitaonekana hadi gari lishike kasi barabarani, lori kubwa lipite kando, na kioo kionyeshe trela likitikisa mkia kushoto na kulia.

Friji ileile ingewekwa mita mbili mbele, huenda safari ingekuwa tulivu. Mita mbili zina nini?

Tazama mshale. Huruka umenyooka kwa sababu uzito wake uko kwenye ncha na manyoya yako nyuma. Ukiurusha manyoya yakitangulia, utajigeuza wenyewe hewani. Kwenye trela, magurudumu ndiyo manyoya: yanashika lami na kuuzuia mkia usiende upande. Uzito ukiwa mbele ya magurudumu, trela hufuata gari kama mshale unavyofuata ncha yake. Uzito ukiwa nyuma ya magurudumu, trela lina hamu ya kujigeuza, na kinacholizuia ni gari lako tu.

Hesabu yake ni ya mizani ya kawaida. Tuseme trela na mzigo wake vina kilo 1,000, na kutoka kwenye ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, hadi kwenye tufe la chuma la gari, ambalo pua ya trela huvikwa juu yake, ni mita 3. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 30 mbele ya ekseli, pua italilemea tufe kwa kilo 100, yaani asilimia 10 ya uzito wote. Kikirudi sentimita 30 nyuma ya ekseli, pua haikandamizi tena. Inalivuta tufe kwenda juu kwa nguvu ya kilo 100 zilezile. Mkia wa gari unanyanyuliwa, na matairi ya nyuma, ambayo ndiyo yangelituliza trela, yanapoteza sehemu ya mshiko wake. Sentimita 60 tu, na kila kitu kimegeuka.

Ndiyo maana kampuni ya U-Haul ya Marekani, iliyoanza kukodisha matrela mwaka 1945, huwaambia wateja wake waweke asilimia 60 ya mzigo kwenye nusu ya mbele. Kanuni inayotumika huko kwa jumla ni kwamba pua ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela.

Lakini kwa nini trela lililopakiwa vibaya linatulia kabisa mjini, kisha linaasi kwenye barabara kuu? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Upepo au lori linalopita husukuma trela pembeni kidogo. Matairi yanalirudisha katikati, linapitiliza, yanalirudisha tena, kama bembea iliyosukumwa mara moja. Katika mwendo mdogo, msuguano wa matairi unakula nguvu ya kila mzunguko, na baada ya mara mbili tatu bembea imelala. Kadiri kasi inavyopanda, uwezo huo wa kulaza mtikisiko unapungua, huku nguvu inayolirudisha trela katikati ikibaki karibu ileile. Hufika kasi ambayo kila mzunguko unakuwa mpana kuliko uliopita. Chini yake trela linajituliza lenyewe. Juu yake linajichochea lenyewe. Kuhamishia mzigo mkiani kunaishusha kasi hiyo, kwa hiyo trela lililokuwa salama kwenye kilomita 90 kwa saa linaweza kuanza kuasi kwenye 70. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi kukuonya kwamba umekaribia mpaka. U-Haul imejiwekea kikomo cha maili 55 kwa saa, takriban kilomita 88, na madereva wengi hukiona ni cha woga. Ukishaelewa bembea hii, hutakiona hivyo.

Kuna kosa lingine ambalo mzani wa pua hauwezi kulikamata. Ukiweka friji mbele kabisa na mashine ya kufulia nyuma kabisa, huenda pua ikasoma sawasawa, lakini umetengeneza fimbo yenye mawe ncha zote mbili. Ukiizungusha fimbo ya namna hiyo, kuisimamisha ni kazi. Vitu vizito vinatakiwa vikae karibu na ekseli, chini sakafuni, vikiegemea mbele kidogo. Maboksi ya nguo na mito ndiyo yajaze ncha.

Sasa tuje kwenye SUV ndogo, kwa sababu hapa mambo yanabana pande zote mbili.

Watu huuliza kama injini itaweza. Mara nyingi itaweza, angalau kwenye tambarare, ingawa sanduku refu la trela ni ukuta unaosukuma upepo, na mlima mrefu siku ya joto huipikia giaboksi mafuta yake. Injini si swali langu la kwanza. La kwanza ni hili: mkia wa gari umeruhusiwa kubeba kilo ngapi?

Chukua Honda CR-V ya petroli, isiyo na mota ya umeme, inayouzwa Marekani. Imeruhusiwa kuvuta pauni 1,500, yaani kilo 680, zikiwemo kilo za trela lenyewe. Trela la sanduku la U-Haul la futi 5 kwa 8 lina kilo kama 408 likiwa tupu. Unabakiwa na kilo 272 za vyombo. Friji, mashine ya kufulia, kitanda cha mbao na maboksi machache ya vitabu, umemaliza, na nusu ya sanduku bado iko wazi inakutazama. Trela lenyewe limetengenezwa kuhimili takriban kilo 1,225 kwa jumla. Linameza zaidi ya kile gari linachoruhusiwa kuvuta, na macho huamini nafasi kuliko namba. Vitabu ndivyo wachawi wa kweli hapa: boksi moja dogo likijaa vitabu linafika kilo 20 bila shida.

Rudi sasa kwenye pua. Asilimia 10 ya kilo 680 ni kilo 68. Ni kama mtu mzima mwembamba aliyekaa juu ya bampa ya nyuma, si kwenye kiti. Tofauti ni kubwa. Ikiwa ekseli mbili za gari zimeachana kwa mita 2.7 na tufe liko mita 1.1 nyuma ya ekseli ya nyuma, kilo hizo 68 zinageuka kuwa kama kilo 96 juu ya matairi ya nyuma, na zinayanyang'anya matairi ya mbele kilo kama 28. Gari linainua kidevu. Taa zinamulika machoni mwa wanaokuja, na usukani unakuwa mwepesi kuliko ulivyozoea. Ongeza abiria wawili nyuma na masanduku kwenye buti, maana kilo za pua zinahesabika pamoja nao katika uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba.

Basi mwenye SUV ndogo yuko kwenye njia nyembamba. Akipunguza uzito wa pua, trela linacheza. Akiuzidisha, gari linakaa kitako. Mwenye pikapu kubwa anaweza kukosea kilo 50 asijue. Mwenye SUV ndogo hana nafasi hiyo.

Na hapo kuna jambo linalowashangaza wengi. Toyota RAV4 haibridi (ya petroli na umeme) ya miaka ya 2019 hadi 2025, inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, iliruhusiwa kuvuta kilo zisizofika 800 nchini Marekani, na kilo 1,650 Uingereza ikiwa trela lina breki zake. Chuma ni kilekile kwa sehemu kubwa. Kinachotofautiana ni desturi ya barabara. Ulaya wanakubali uzito mdogo wa pua, mara nyingi asilimia 5 hadi 7, kwa sababu wanavuta polepole: Ujerumani gari lenye trela lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na hufika 100 kwa kibali maalumu tu. Kasi ndogo huruhusu pua nyepesi, na pua nyepesi huruhusu gari dogo livute trela zito zaidi. Hatari iko kwa anayechukua kilo za Ulaya akazikimbiza kwa kasi ya Marekani.

Trela likianza kucheza, mwili wako utakuambia ukanyage breki. Usiutii. Ukikanyaga, gari linapungua kasi kabla ya trela, na trela lililokaa upande linasukuma mkia wa gari upande huohuo. Wawili hao wanaweza kukunjana kama kisu cha kukunja. Kuongeza mafuta hulinyoosha trela kwa sekunde chache, kisha uko juu zaidi ya ile kasi inayolichochea. Kuusaka mtikisiko kwa usukani ni kuchelewa nusu mzunguko kila mara, na kusukuma bembea kwa wakati wake. Ondoa mguu kwenye mafuta, ushikilie usukani umenyooka, uache kasi ishuke yenyewe. Likitulia, tafuta mahali salama usimame, uhamishe mzigo. Kuendelea kwa mwendo mdogo zaidi bila kugusa mzigo ni kuahirisha.

Kupima pua nyumbani kunawezekana kwa mzani wa bafuni. Trela likiwa limepakiwa na kusimama sawa, magurudumu yamewekewa vigingi, weka kipande cha mbao juu ya mzani, kirefu cha kutosha pua ikae kwenye kimo cha tufe, kisha ishushe hapo taratibu. Namba ikiwa ndogo, sogeza kitu kizito mbele kwa hatua moja, upime tena. Ikizidi kile ambacho kitabu cha gari kimeruhusu, rudisha. Kama haiwezekani kupata asilimia 10 bila kuvuka kikomo cha tufe, mzigo ni mkubwa kwa gari hilo, na jibu ni safari mbili.

Asiyepima wakati wa kuondoka anaweza kujua wakati wa kufika. Akilegeza kufuli pale kwenye tufe, pua ya trela lenye mkia mzito inafyatuka juu kabla hajatoa mkono. Kwa hiyo liache limeshikana na gari hadi friji iwe imeshashuka.