Miwani ya karatasi ya nyekundu na bluu: tunayoambizana kuhusu muvi za 3D nyumbani, na ukweli wake

Kinachoniuma kuhusu hii miwani ya karatasi ni kwamba mtu anaivaa mara moja, anaona maruweruwe, anaitupa, halafu anakwenda kuwaambia wenzake kwamba 3D ya nyumbani ni uongo mpaka uwe na TV ya mamilioni. Jamani si kweli. TV hiyohiyo ya sebuleni inatosha, hata kompyuta au simu inatosha, ilimradi skrini iwe inaonyesha rangi. Shida ni kwamba watu hawajaelezwa miwani yenyewe inafanya nini.

Dhana kubwa kuliko zote ni kwamba ukishavaa, muvi yoyote inakuwa 3D. Hapana. Miwani haiongezi chochote, inachuja tu. Macho yako yameachana kama sentimita 6 hivi, kila jicho linaona kwa pembe yake, ubongo ndio unaunganisha na kukupa umbali wa vitu, kwa hiyo muvi ya 3D lazima iwe na picha mbili tangu mwanzo, ama kwa kamera mbili ama kwa kutengenezwa na kompyuta. Ya jicho la kushoto inawekwa kwenye rangi nyekundu, ya kulia kwenye kijani na bluu (zikichanganyika ndiyo samawati), zinalaliana kwenye skrini moja, na kila upande wa miwani unapitisha picha yake na kuizuia ya mwenzake. Vua miwani uangalie kingo za vitu: ukiona ukingo mwekundu upande huu na wa samawati upande ule, hiyo ndiyo yenyewe. Kama hakuna, hiyo ni muvi ya kawaida na hata ukivaa miwani kumi hutaona kitu.

Hapo ndipo wengi wanapokwama na mafaili ya kushusha, mtu anaona limeandikwa 3D, analifungua anakuta picha mbili zimepangwa ubavu kwa ubavu, anavaa miwani ya karatasi, wapi. Hilo faili lilikuwa la TV za 3D zenye miwani yake maalumu. Ila halijakufa, kwenye VLC (programu ya kuchezea video) ya kompyuta nenda kwenye efekti za video, tafuta zile za ziada kabisa, kuna kichujio kinaitwa Anaglyph 3D, ukikiwasha programu inazichanganya picha zote mbili kuwa nyekundu na samawati hapohapo.

Halafu kuna ile ya kusema hii ndiyo miwani waliyokuwa wanavaa watu kwenye sinema za Marekani miaka ya 1950. Kwa sehemu kubwa siyo. Mbinu yenyewe ni ya zamani zaidi, Wilhelm Rollmann aliieleza Ujerumani mwaka 1853, na mwaka 1922 Los Angeles walionyesha filamu nzima kwa nyekundu na kijani. Lakini lile wimbi kubwa lililoanza mwaka 1952 lilianza na filamu ya Bwana Devil, na hapa sisi watu wa Afrika Mashariki tunahusika kabisa maana hadithi yake imetokana na simba wa Tsavo waliokuwa wanaua wajenzi wa reli mwaka 1898, na miwani waliyovaa watazamaji ilikuwa na vioo vya kijivu vinavyochuja mwelekeo wa mwanga, siyo rangi. Rangi ilikuja kupata nafasi nyumbani kwa sababu ile njia nyingine inataka skrini maalumu. Ndiyo maana DVD ya Spy Kids 3-D, filamu ya mwaka 2003, ilikuja na miwani ya karatasi, ikafanya kazi kwenye TV ya kawaida.

Kuona vitu viwiliviwili pia watu wanalaumu miwani peke yake. Kweli kuna miwani mibovu. Ipime hivi: weka skrini yote iwe nyekundu, fumba jicho la kushoto, angalia kwa upande wa samawati, inatakiwa ionekane karibu nyeusi. Ukiona wekundu unapenya sana, hapo picha zitavujiana. Za kujitengenezea kwa karatasi za nailoni za rangi zinasumbua hapo hasa upande wa bluu. Lakini mara nyingi mchawi ni faili lenyewe, maana video zikibanwa, rangi ndiyo inakatwa kwanza, kwa kawaida undani wa rangi unabaki robo tu ya ule wa mwanga, na 3D hii inaishi ndani ya rangi. Kwa hiyo ukishusha ile ndogondogo ya kuokoa bando umeshaiua, tafuta yenye ubora wa juu. Zima taa na uongeze mwanga wa TV, maana miwani inakula mwanga mwingi, na usilale na kichwa upande kwenye kochi.

Kwamba inaharibu macho? Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kinasema hakuna ushahidi wa hilo. Kichwa kuuma kupo, macho kuchoka kupo, ukivua unaweza kuona dunia ina rangirangi kwa muda kidogo, inapita, pumzika. Ila hili naomba mzazi asilipuuze: mtoto akikwambia haoni kitu kikitoka kwenye skrini wakati wenzake wote wanaona, usimwambie anajifanya, mpeleke akapimwe macho, inawezekana jicho moja halishirikiani na lenzake na hakuna aliyejua.

Na asiyetofautisha nyekundu na kijani asikatishwe tamaa, kazi ya kutenganisha picha inafanywa na miwani, siyo na yeye kuzijua rangi, ingawa kwa wengine upande mwekundu unaweza kuwa na giza.

Kama unaanza, usianze na muvi. NASA, shirika la anga la Marekani, wana picha za sayari ya Mars za bure zilizotengenezwa kwa miwani hii, za vile vigari vyao Spirit na Opportunity. Nyekundu kaa nayo jicho la kushoto. Ukiona mawe ya karibu yamezama nyuma na vya mbali vimekuja mbele, umeivaa kinyume, igeuze.