Tofauti za hulka kati ya wanandoa: maana yake na namna zinavyojitokeza

Hulka ni mwelekeo wa kudumu wa mtu katika kufikiri, kuhisi na kutenda, ambao hujirudia katika mazingira mengi na kwa miaka mingi. Hasira ya siku moja si hulka. Lakini mtu ambaye tangu ujana wake huingiwa na wasiwasi upesi, hupenda kupanga kila jambo mapema au huchoshwa na mikusanyiko, hayo ni mambo ya hulka yake. Tunapotaja tofauti za hulka katika ndoa, basi, tunamaanisha umbali uliopo kati ya mielekeo ya mume na ya mke, wala hatutaji makosa ya yeyote kati yao.

Wanasaikolojia wengi leo hupima hulka kwa sifa kuu tano: uchangamfu mbele za watu, nidhamu katika majukumu, upole na moyo wa kushirikiana, uwazi kwa mambo mapya, na wepesi wa kupata wasiwasi, huzuni au hasira. Kila mtu anazo zote, ila kwa viwango tofauti. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alieneza mgawanyo wa watu wa ndani, yaani wanaopenda utulivu na upweke, na watu wa nje, yaani wanaochangamkia wenzao, katika kitabu chake cha mwaka 1921, na tangu hapo wengi wamezoea kujiweka upande mmoja au mwingine, ilhali vipimo huonyesha kwamba watu wengi wako karibu na katikati. Kwa sababu hiyo, nadhani majaribio mafupi ya mitandaoni yanayompa kila mwenzi jina la kundi lake huwapotosha wanandoa zaidi ya kuwasaidia.

Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban asilimia 40 hadi 50 ya tofauti za hulka baina ya watu huhusiana na urithi wa vinasaba. Hulka hubadilika, kwani watu wengi huzidi kuwa watulivu na wenye nidhamu kadiri umri unavyosogea, lakini hubadilika polepole, na anayeingia katika ndoa akitumaini kumgeuza mwenzake kwa muda mfupi anajitwisha mzigo mkubwa.

Tofauti yenyewe mara nyingi haina madhara. Madhara huanzia kwenye tafsiri. Mume anarudi nyumbani baada ya siku yenye kelele na kuhitaji ukimya, wakati mke amesubiri kutwa nzima kuzungumza naye. Ukimya ule mke anauona kama kutojaliwa, na maswali ya mke mume anayaona kama kuhojiwa. Mke anauliza zaidi kwa sababu hajibiwi, mume anazidi kunyamaza kwa sababu anabanwa, na kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Mwanasaikolojia Andrew Christensen na wenzake wameuchunguza kwa kina mzunguko huu wa mmoja kudai na mwingine kujitenga, na unaweza kuanzia upande wowote, wa mke au wa mume. Mzunguko huo unachohitaji ili uanze kulegea ni mmoja wao kueleza haja yake waziwazi kabla haijageuka lawama: nahitaji nusu saa ya kupumzika, kisha tutazungumza. Ahadi hiyo lazima itimizwe, la sivyo itakuwa njia nyingine ya kukimbia.

John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo mingi, alikadiria kwamba asilimia 69 ya migogoro yao ni ile inayojirudia bila kumalizika, mingi ikitokana na tofauti za hulka na za mahitaji. Ndoa zilizodumu vizuri nazo zilikuwa na migogoro ya aina hiyo, ila wahusika waliweza kuizungumzia bila dharau.

Wala haifuati kwamba wanaofanana ndio wenye furaha. Tafiti nyingi zimeona mchango wa mfanano kuwa mdogo, huku kiwango cha sifa fulani ndani ya kila mmoja kikiwa na uzito zaidi. Lowell Kelly na James Conley, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1987, walichambua taarifa za jozi 300 za wapenzi waliofuatiliwa tangu uchumba wao miaka ya 1930 hadi mwaka 1980, wakaona kwamba wepesi wa wasiwasi na hasira kwa mume au mke, pamoja na udhaifu wa mume katika kuzuia misukumo yake, ndivyo vilivyohusiana zaidi na ndoa kuvunjika au wanandoa kutoridhika nayo. Wawili wenye hasira za haraka wanafanana sana, na bado wanaumizana.

Dhana hii ina mipaka ambayo ni lazima ilindwe. Kipigo, vitisho, matusi na usaliti ni matendo ambayo mtu huwajibika nayo, na hakuna anayepaswa kuambiwa ayavumilie kwa kisingizio kwamba mwenzake ndivyo alivyo. Vilevile, mwenzi aliyekuwa mchangamfu akaanza kujitenga, kukosa usingizi na kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda kwa zaidi ya wiki mbili, hajabadilika hulka. Hizo zinaweza kuwa dalili za sonona, na anahitaji kumwona daktari au mtaalamu wa afya ya akili.