Maana ya kusogeza taya kabla ya upasuaji kwa mtoto wa mdomo wazi

Mdomo wazi, ambao wengine huuita mdomo sungura, unaweza kuishia mdomoni tu, au ukapita kwenye ufizi hadi kaakaa. Ukipita kwenye ufizi, taya la juu huwa vipande viwili vilivyoachana, na tundu la pua la upande huo hulala bapa. Kusogeza taya ni kuvisogeza vipande hivyo taratibu vikaribiane na kuinua pua kabla ya upasuaji, ili mdomo ushonwe bila kuvutwa sana. Mshono uliovutwa huachia, au huacha kovu pana.

Kazi hii huwezekana kwa sababu gegedu la pua la mtoto mchanga ni laini, kutokana na homoni za mama zilizobaki mwilini mwake. Ulaini huo hupungua baada ya wiki 6 hivi. Kwa hiyo mzazi aliyejifungua Newala au Kilwa akingoja arobaini ndipo atoke na mtoto, siku bora zimeshapita. Wiki 2 za kwanza ndizo za kufika hospitali.

Njia kamili, iliyoelezwa na Barry Grayson na wenzake wa New York mwaka 1993, hutumia bamba la akriliki, yaani plastiki ngumu, linalovaliwa kinywani. Daktari wa kupanga meno huchukua umbo la kinywa kwa dawa laini inayoganda, mtoto akiwa macho na tumbo likiwa tupu. Akilia wakati huo ni vizuri, maana njia ya hewa iko wazi. Bamba huvaliwa usiku na mchana, hutolewa kwa kusafishwa tu. Kila wiki daktari huchonga upande mmoja wa ndani na kuongeza nyenzo laini upande wa pili, isizidi milimita 1. Mwanya ukipungua hadi milimita 5, huongezwa mkono wa waya wenye kichwa laini wa kuinua pua. Akichonga kwa pupa, ufizi hutoka kidonda na mtoto hukataa maziwa. Bamba likiachwa nje siku kadhaa, vipande hurudi na halitaingia tena.

Safari ya kila wiki Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, ni mzigo usiobebeka kwa familia nyingi. Kukosa bamba si kukosa matibabu: wataalamu wenyewe hawajakubaliana kuhusu faida zake za muda mrefu, na plasta peke yake hupunguza mwanya vizuri. Kwanza weka plasta laini ya kulinda ngozi kwenye mashavu yote mawili. Bandika plasta nyembamba shavu moja, sukuma pande za mdomo zikutane kwa vidole, kisha ivute juu ya mdomo hadi shavu la pili. Isizibe pua. Kwa joto la pwani, jasho na maziwa huibandua, hivyo badilisha kila siku au inapolowa. Itoe kwa maji ya uvuguvugu. Ukitumia mafuta ya nazi, osha na ukaushe kabisa kabla ya kubandika nyingine, la sivyo haitashika. Ngozi ikichubuka, hamisha sehemu ya kubandika.

Bamba wala plasta havimwezeshi mtoto mwenye kaakaa wazi kunyonya kwa nguvu, kwa kuwa hewa hupita. Kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo, kijiko au chupa laini ya kuminya, akiwa ameketi nusu, na umcheulishe mara kwa mara. Mlo usizidi dakika 30, akichoka anapoteza nguvu nyingi kuliko anazopata kwa kula. Uzito ndio huahirisha upasuaji wa wengi: mdomo hushonwa kuanzia miezi 3 hivi, mtoto akiwa na kilo 4.5 au zaidi na kiwango cha damu (himoglobini) kisichopungua gramu 10 kwa desilita. Mpimeni kila wiki kliniki iliyo karibu. Kaakaa hufuata kati ya miezi 9 na 18.

Daktari wa kupanga meno hurudi tena mtoto akiwa na miaka 8 hadi 11, kutanua taya na kuliandaa lipandikizwe mfupa kabla chonge halijatoka.