Dawa zisifike shuleni kabla wazazi hawajaitwa

Kila tukikaribia siku ya kugawa dawa za minyoo na kichocho, walimu wakuu wananipigia simu kuuliza maboksi yanafika lini. Nami nauliza, timu ya afya ya shule yenu ilikaa lini mara ya mwisho? Wengi wanajibu ipo, ukichimba kidogo unakuta ni mwalimu wa afya peke yake na daftari lake. Jamani, mtu mmoja hawezi kuwa timu.

Huwa nawakumbusha ya Morogoro mwaka 2008. Dawa zilipelekwa mashuleni, uvumi ukasambaa kwamba ni za hatari na hazijapimwa, wazazi wakavamia shule kuwatoa watoto wao, vurugu zikawa kubwa mpaka zoezi likasimamishwa. Na dawa yenyewe ya kichocho, prazikwanteli, ni dawa nzuri na imetumika duniani miaka mingi. Ila vidonge vyake ni vikubwa, vichungu, na mtoto akimeza tumbo likiwa tupu anaweza kusikia kizunguzungu, kichefuchefu au hata kutapika. Sasa we ni mzazi, hujaambiwa kitu, unasikia mtoto wa jirani katapika baada ya kupewa vidonge na mwalimu wake wa hesabu, utatulia kweli? Hata mimi ningekimbia shuleni.

Kwa hiyo timu ikae mapema, wiki mbili tatu kabla, na ndani yake wawepo watu ambao mtaa unawaamini. Mwalimu wa afya sawa, muuguzi wa zahanati sawa, lakini pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii maana yeye anaingia nyumba kwa nyumba, mwenyekiti wa kitongoji, wazazi wawili watatu wa kamati ya shule, mtu wa msikitini na wa kanisani, na mpishi wa shule. Mpishi watu wanamsahau sana, wakati siku ya dawa ndiye anayeamua kama watoto watameza wakiwa wameshiba au la. Wanafunzi nao, msichana na mvulana, wasiwe pale kugawa soda tu, wapewe nafasi ya kuongea.

Kuna shule moja kwenye mabonde ya mpunga kanda ya ziwa, timu yao ilimweka mzee mmoja mkulima. Siku ya dawa alikaa kwenye benchi karibu na ule ubao wa kupimia urefu, maana mizani ni shida mashuleni kwahiyo mtoto anasimamishwa kwenye ubao, mwalimu anasoma alama ilipofika kichwa na hapo anajua ni vidonge vingapi. Vijana wa darasa la sita walikuwa wanasitasita, mzee akasimama akawaambia, sisi tulipokojoa damu kwa kichocho tuliambiwa ndio tumekuwa wanaume, tukanyamaza, na leo kukojoa kwenyewe kwangu ni kazi. Hakuna aliyecheka. Kijana wa kwanza akanywa uji wake akameza, wengine wakafuata. Mimi na stashahada yangu nisingeweza kuisema ile habari vile.

Timu hiyohiyo isivunjike baada ya dawa. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Uvumi wa kwamba inaharibu kizazi bado uko mitaani na tangazo la spika halitaumaliza, anaumaliza mama anayejulikana pale ambaye binti yake kachanjwa na yuko salama.

Halafu vyoo. Kiwango chetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, nendeni mkahesabu wenyewe, mtembee mpaka chooni, mfungue milango muone kama inafungwa kwa ndani, kama maji yapo, kama msichana aliye kwenye siku zake ana pa kubadilishia na pa kutupa taulo. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono mnaweza kukitengeneza siku hiyohiyo kwa dumu, kamba na kijiti.

Naomba sana msianze na michango. Tangu elimu bila ada ianze 2016 mzazi akisikia kikao cha shule anafikiri pesa, hatokei. Anzeni na jambo moja linaloonekana, tena msiweke kikao siku ya mnada.

Na kabla ya siku ya dawa bandikeni ukutani namba ya muuguzi na ya mwenyekiti, uji uive mapema, na muuguzi abaki shuleni mpaka jioni. Mtoto akitapika, mzazi wake apigiwe na mtu wa timu mwenyewe, kabla hajaisikia njiani.