Utepe kwenye kidirisha haubadilishi filamu

Mpenzi wa kamera za zamani hapa Mombasa anaweza kuamini kwamba ukibandika utepe mweusi kwenye kidirisha cha kuchungulia, ukaacha umbo la mraba, basi na picha itatoka mraba. Si ajabu, jicho halioni kingine.

Lakini kidirisha ni cha jicho tu. Umbo la picha hutokana na fremu ya chuma iliyo nyuma ya lenzi, pale filamu inapolala. Fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, upime kwa rula: kamera ya kawaida ya milimita 35 itakupa 24 kwa 36. Utepe wako haujaigusa. Ukipiga ukuta wa Fort Jesus ukadhani umeuacha nje mnazi wa pembeni, utaukuta kwenye negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa), mzima mzima.

Hata hivyo utepe si kazi bure. Unakusaidia kupanga picha, kisha mraba wa 24 kwa 24 unakatwa wakati wa kuchapisha. Ila kama kidirisha kiko kando ya lenzi na unapiga kitu cha karibu, tuseme kikombe cha kahawa, acha nafasi pembeni: kidirisha na lenzi haviangalii kutoka mahali pamoja.